Ngazi za Mwitalia

Juzi nilipita mbele ya duka moja la kuchapa kadi za harusi hapa Mbarara, mlango ukiwa wazi, na harufu ya wino ikanipiga usoni. Ni ule wino mzito wa mafuta, unaonata vidoleni na kukataa sabuni. Nimesikia watu wakisema harufu huwaletea picha za zamani, wakatabasamu. Mimi ilinijia hasira kwanza. Nilijikuta nimekaza mkoba wangu mpaka ngozi yake ikalia, na ndipo nikasimama kando ya barabara kujiuliza nimemkasirikia nani.

Mikono ya baba yangu ndiyo iliyonuka hivyo nilipokuwa mdogo sana, kabla hatujakimbia. Alikuwa mwalimu wa kuchora kule Uvira, Kongo, na saa za mchana alimsaidia padri mmoja mzee, Mwitalia, kwenye mtambo mdogo wa misheni uliochapa vitabu vya nyimbo. Padri alipoitwa kurudi kwao, alimwachia Baba zawadi moja: karatasi kubwa, nzito kama kitambaa, yenye picha iliyochapwa kwa wino mweusi. Ilikuwa kazi ya fundi mmoja wa Venezia, mtoto wa mjenzi, aliyechora kwenye shaba zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Baba aliiviringisha akaitia ndani ya bomba la plastiki, na siku tulipotoka nyumbani risasi zikilia upande wa mlima, yeye alibeba bomba lile begani. Mama alimbeba mdogo wangu Espoir mgongoni. Sufuria kubwa ilibaki. Mama hakuisahau ile sufuria. Kila alipoazima ya jirani, tulisikia habari zake.

Picha ilionyesha ndani ya jumba kubwa kuliko jumba lolote nililowahi kuona. Matao yalipanda juu ya matao mengine. Kulikuwa na madaraja, minyororo, moshi, kamba nene zilizoning'inia kutoka kwenye maboriti, gurudumu kubwa lenye miba, na ngazi, ngazi kila upande, zikipanda, zikikunja kona, nyingine zikiishia hewani. Na watu wadogo mno, wadogo kama chawa, wakiegemea kuta na kunyoosha mikono.

Niliiona vizuri mara ya kwanza Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi huku Uganda, kwenye banda tulipolazwa pamoja na wageni wengine kabla hatujapewa kiwanja. Ninyi wa rika langu mliopita pale mnajua jinsi sauti zilivyogongana juu ya paa, na jinsi kina mama walivyofunga kamba kwenye nguzo ili kuanika nguo za watoto. Baba alifungua karatasi juu ya mkeka aone kama maji yameingia. Niliangalia picha, nikaangalia banda, kamba kwa kamba, boriti kwa boriti. Nikaelewa kwamba huyo fundi Mwitalia naye alipita Kabazana. Alitukuta tumelala, akatuchora.

Baba hakunisaidia, maana alimzungumzia fundi yule kama jirani aliyehama juzi. "Huyu bwana alitaka kujenga, lakini hawakumupa kazi," aliniambia. "Basi akajenga ku karatasi." Mimi nikajua yuko hai na anazunguka mahali fulani na sindano yake. Tulipopewa kiwanja na kujenga nyumba ya udongo, kila gari lenye mzungu lilipoingia kambi yetu ya Nakivale nilikimbia kuangalia kama ni yeye amekuja kutuchukua na kutupeleka kwenye jumba lake la ngazi. Nilikuwa nimeshachagua ngazi yangu, ile ya kushoto, iliyopita nyuma ya nguzo na kuingia kwenye mwanga. Hakuja. Nilimkasirikia kwa muda mrefu, mtu wa watu, aliyekwisha kuoza kabla babu wa babu yangu hajazaliwa.

Baba aliitundika picha kwenye ukuta usiopigwa na jua, kwa misumari minne. Asubuhi alilima maharage kama kila mtu. Alasiri watoto wa jirani walikuja, wakakaa chini na vijiti vyao vya kuchorea udongoni, na yeye akawafundisha kuangalia. Sijapata kukutana na mwalimu mwingine wa namna hiyo. Hakusema picha ni nzuri. Aliuliza giza liko wapi, nasi tukaonyesha kona ya chini. "Karibu," alisema. "Sasa ona. Giza haiko. Kuko mistari tu." Na kweli, ukisogeza pua, giza lilifumuka na kuwa mistari myembamba iliyopitana kama nyuzi za mkeka, mingine imelala, mingine imesimama, mingine imekatiza kwa hasira. Na mwanga je? Mwanga ulikuwa mahali mkono wa fundi haukugusa, karatasi tupu.

Alitueleza jinsi fundi alivyopaka nta kwenye shaba, akakwaruza nta kwa sindano, kisha akamimina asidi ikala mahali palipokwaruzwa tu. Alitueleza kwamba fundi aliichora sahani ile ya shaba akiwa kijana, na miaka mingi baadaye akairudia ileile, akaongeza kamba, akaongeza gurudumu, akaifanya iwe nyeusi zaidi. Nilimuuliza kwa nini. Baba akasema labda alikuwa ameona mambo mengi hapo katikati.

Siku moja nikagundua kosa. Kulikuwa na nguzo iliyosimama karibu kabisa, mbele ya daraja, lakini juu kichwa chake kilibeba tao lililokuwa mbali, nyuma ya daraja lilelile. Nilifuata kwa kidole mara nyingi na kila mara nguzo ilinidanganya. Nilipomwonyesha Baba, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema si kosa, fundi alifanya kusudi, ili anayeingia asijue pa kutokea. Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba jumba lile ni gereza. Nililia. Nilikuwa nimeshahamia humo kwa akili yangu, na nguo zangu na mdogo wangu.

Kisha Espoir akaugua. Ilikuwa msimu wa mvua, mbu wakitoka upande wa ziwa kama moshi. Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda, na kabla Baba hajapata mtu wa baiskeli wa kumpeleka kwenye kituo cha afya, mdogo wangu alikuwa ameanza kurusha miguu na kugeuza macho. Walimrudisha amefunikwa kitenge cha Mama.

Tulikuwa na mchungaji kwenye kanisa letu la mabati na turubai. Sitamtaja jina. Alikuwa mtu wa kwetu, mwenye sauti nzuri, na katika zile siku za kilio alikuja kila siku, akaomba, akala na wafiwa. Siku moja Baba alikuwa amekwenda upande wa Kikagate kutafuta kibarua, maana msiba ulikuwa umetumaliza chakula. Mchungaji alikaa kwenye kigoda akainua macho ukutani. Aliangalia muda mrefu. Nilidhani anaangalia ngazi.

"Mama Faida," alisema, akimwita kwa jina langu, "ile gurudumu iko ya kutesea batu. Ile minyororo, ile moshi. Nani aliingiza hii kitu mu nyumba yenye mutoto?"

Mama alisema ni ya mume wake, ilitoka kwa padri.

"Kifo kilipitia pale," akasema Mchungaji, akinyoosha kidole. "Minakuambia juu ya huyu mwenye alibaki."

Mwenye alibaki nilikuwa mimi. Mama alinitazama, na leo nikiwa na watoto wangu mwenyewe naujua mtazamo ule. Angetoa hata paa la nyumba. Aling'oa misumari kwa mkono, kucha ikapasuka. Mchungaji aliiviringisha karatasi vizuri, taratibu, bila kuikunja. Mama alipomwomba waichome hapohapo uani ili aone kwa macho yake, alikataa. Alisema moshi wake ni mbaya kwa mtoto, ataichoma kule mbali, yeye na wazee wa maombi.

Nilikaa nje nikitafuta moshi angani mpaka kondoo wa jirani wakarudi. Niliwalilia wale watu wadogo. Niliamini kwamba wataungua wakiwa kwenye ngazi, wakinyoosha mikono, na kwamba ni kwa sababu yangu.

Baba alirudi na unga begani. Alisimama mbele ya matundu manne ya misumari. Aliuliza, akajibiwa. Sikumsikia akipandisha sauti, na ningefurahi kama angefanya hivyo. Aliweka unga chini, akatoka, akaenda kukaa kwenye kibanda cha kupikia. Kuanzia hapo alilala huko. Alasiri watoto walipokuja na vijiti vyao aliwaambia shule imekwisha. Na kwa Mama hakusema tena neno. Walikuwa wakizungumza kupitia kwangu, tukiwa sote watatu tumekaa mbele ya sahani moja. "Ambia mama yako chumvi imekwisha." "Ambia baba yako nimesikia." Nilikua nikiwa mlango kati ya watu wawili. Niliwachukia wote kwa zamu, siku moja mmoja, siku nyingine mwenzake, na Jumapili nilimsikiliza Mchungaji akihubiri upendo wa ndoa.

Nilipokuwa msichana mkubwa, jirani mmoja aliyekuwa akiuza unga Mbarara alinitafutia kazi ya nyumbani kwa familia ya askari, kwenye nyumba za kambi ya jeshi. Mwenye nyumba alikuwa ofisa, wakati ule yuko kazini mbali. Mkewe aliitwa Mama Kato, Mnyankore mnene, mwenye mkono mzito na moyo mwepesi, aliyesema Kiswahili cha kambini na kumwita kila mwanamke nyabo, yaani bibi. Alinionyesha jikoni, akanipa ndoo na kitambaa, akaniambia nianze na sebule.

Ilikuwa juu ya televisheni. Waliitia kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, na kioo, na maua ya plastiki pembeni. Niliona ngazi ya kushoto kabla sijaiona picha. Kisha gurudumu, kisha kamba, kisha ile nguzo ya uongo, kisha watu wote wadogo, wazima, hakuna aliyeungua. Nilitamani kufurahi. Badala yake nilikaa chini kwenye maji ya kupigia deki.

Mama Kato alikuja kuniuliza kama naumwa. Nikamuuliza picha ile ilitoka wapi.

"Pasta wenu wa kule Nakivale ndiyo alileta," alisema. "Kijana yake alikuwa anatafuta shule hapa mjini, afande akamsaidia. Pasta akasema asante na hiyo picha. Kwani wewe unaijua?"

Nilimweleza yote, nikiwa bado nimekaa majini. Nilimweleza habari za Espoir na kucha ya Mama. Hakunikatiza. Mwisho alisema yeye hawezi kushusha kitu cha mumewe ukutani, nisubiri afande arudi. Nilimwambia nitakwenda nyumbani kwanza. Akaniruhusu, bila kuuliza nani atapiga deki.

Niliwakuta wazazi wangu uani, mmoja huku, mmoja kule, wakimenya maharage. Nilisema mara moja tu, nikisimama katikati, ili nisiulizwe nimwambie nani nini. Picha haikuchomwa. Mchungaji aliitoa zawadi ili mwanawe aingie shule. Iko Mbarara kwenye nyumba ya askari, nimeifuta vumbi kwa mkono wangu.

Baba aliinua kichwa. Aliuliza swali moja. "Baliiweka fasi ya jua?"

Hasira yangu ikageuka kwake. Miaka yote ile, na alichotaka kujua ni kama jua linaipiga. Nilimwambia sijui, nikaingia ndani nikajifungia. Sasa nadhani ndilo swali pekee aliloweza kuliuliza bila kuvunjika, lakini siku ile sikumpa huruma hata kidogo.

Mama alingoja Jumapili. Aliamka akavaa kile kitenge kilichomfunika Espoir, alichokuwa hajakivaa tangu msiba, na tukaenda kanisani. Wakati wa ushuhuda alisimama. Watu walidhani atashukuru kwa sababu nimepata kazi. Alizungumza polepole, mikono imeshikana mbele, kama anayesimulia habari za mtu mwingine.

"Mutoto yangu alikufa," alisema. "Huyu mutumishi wa Mungu aliniambia ni juu ya picha ya bwana yangu. Niliitoa. Alisema ataichoma. Haikuchomwa. Iko Mbarara, aliitoa zawadi juu mutoto yake asome. Mutoto yake alisoma. Mie niliacha kusema na bwana yangu mpaka leo. Njo ushuhuda yangu."

Hakuna aliyesema amina. Mchungaji alisimama akasema kwamba shetani hupenda kuwatumia wanawake wenye majonzi, akaanzisha wimbo, na watu wakauitikia. Nakumbuka hilo kuliko mengine yote. Waliuitikia, majirani waliokula msiba wetu, waliokuwa na watoto waliofundishwa na Baba kuona giza. Wachache walikaa kimya. Mama alichukua mkeka wake, akatoka kupitia katikati, nami nyuma yake, na wimbo ukitufuata mpaka tukavuka mashamba.

Habari ilitutangulia nyumbani. Baba alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba kubwa, si kibandani. Alikuwa ametoa kigoda. "Kaa, Mama Faida," alisema. "Umechoka." Mama alikaa. Baba akamletea maji kwenye kikombe, akasimama kando mpaka akamaliza. Walianza hivyo, kwa maneno madogo, kama watu wanaojifunza lugha ya ugenini. Mimi nililia nyuma ya nyumba kwa hasira, maana nilihesabu utoto wangu wote kwamba ulipotea kwa kukosa maneno hayo mawili.

Nilirudi kazini. Afande aliporudi, mkewe alizungumza naye kwa lugha yao, mlango umefungwa, kwa muda mrefu. Asubuhi Mama Kato alipanda juu ya kiti mwenyewe akaishusha fremu. "Chukua," aliniambia. "Afande hapana furaha, lakini amesema kitu ya msiba hawezi kuweka ndani. Na mimi, nyabo, watoto wangu walikuwa wanaogopa hiyo picha kila siku."

Nilipoifungua mbele ya Baba tuligundua kwamba wameikata. Ilikuwa kubwa kuliko fremu, basi mtu alichukua wembe akaondoa upande wa chini wote, pamoja na ukingo ambapo jina la fundi lilikuwa limechapwa, na vidato vya kwanza vya ngazi yangu. Baba alipitisha kidole kwenye ule ukingo mpya, ulionyooka sana. Akasema mtu aliyekata alikuwa na mkono mzuri. Kisha akaitundika palepale pa zamani. Haikupita muda watoto wa wageni wapya wakaanza kuchungulia mlangoni, na alasiri moja nilimsikia akiwauliza giza liko wapi.

Mchungaji hakufukuzwa na mtu. Kanisa lake lilikua, likapata paa zima. Kisha zamu ya familia yake ikafika ya kupelekwa ng'ambo, nchi ya baridi, na kama ilivyo desturi ya wanaoondoka alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, ili apande ndege na moyo mweupe. Nilikuwa nimekuja kuwasalimu wazazi, nikiwa tayari mke wa mtu na mimba yangu ya kwanza. Aliingia, akakaa chini ya picha bila kuiangalia. Alikuwa amezeeka, suti yake mpya ikimpwaya mabegani.

Alisema anakwenda, na kwamba binadamu hukoseana. Baba alisema amemsamehe zamani, hakutaka kubeba chuki. Mama akasema naye amesamehe, Mungu amfikishe salama. Nilimwona Mchungaji akishusha pumzi. Kisha akanigeukia.

"Na weye, Faida, mwanangu?"

Nilimwambia nina swali kwanza. "Espoir alikufa ya malaria. Siku ile ulikuwa unajua?"

Mama aliniita jina langu kwa sauti ya chini. Mchungaji aliangalia viatu vyake, na kwa kweli nilitegemea atasema hakujua, kwamba aliamini alichokisema, na ningeweza kuishi na jibu hilo.

"Nilijua," alisema.

"Basi hapana," nikamwambia.

Alingoja. Labda alidhani nitaongeza neno, kwa kuwa katika desturi zetu hakuna anayemkatalia anayesafiri. Baba alikohoa. Nje gari dogo lililomleta lilikuwa linapiga honi. Hatimaye aliinuka, akawapa mkono wazazi wangu, akanipita. Mama alimsindikiza hadi barabarani, inavyompasa mgeni kusindikizwa. Mimi nilibaki nimekaa.